Alhaji kachanjwa, nyumba yake je?

 

Siku chache zilizopita nilikuwa nafundisha mlango wa Hija kwa wanafunzi wa darasa la juu hapa kwetu Buyenzi. Tulishamaliza nguzo na wajibu, tukawa kwenye maandalizi ya safari: kulipa madeni, kuandika wosia, kuacha matumizi ya nyumba, kisha zile karatasi ambazo Saudia inazidai, ikiwemo chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Binti mmoja ambaye babu yake alishahiji akanyoosha mkono. "Maalim, babu akishachomwa sindano, anaweza kuja na ule ugonjwa nyumbani?" Nikamjibu palepale: hapana, akishachanjwa hawezi kuugua, sasa atakuletea nini zaidi ya tende na Zamzam? Darasa likacheka, tukaendelea na somo.

Jibu langu lilikuwa kosa. Usiku ule swali la binti halikuniacha, nikaanza kusoma na kuuliza wanaojua, na nilipoelewa ilinibidi nirudi darasani kulisahihisha. Kwa kuwa nimegundua watu wazima wengi mtaani wanaamini vilevile nilivyoamini mimi, nalisahihisha na hapa.

Bakteria wanaoleta ugonjwa huu huitwa meningokoki. Makazi yao ni binadamu peke yake. Hawakai kwa mbuzi, hawakai kwenye maji wala udongoni. Hukaa kule ndani pua inapokutana na koo, na mara nyingi hukaa hapo kwa wiki au miezi bila mwenye koo kujua lolote. Hana homa, anakula, anaswali, anapeana mkono na watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wakati wowote ule kati ya asilimia 1 na 10 ya watu wanawabeba kwa namna hii, na penye mlipuko kiwango kinaweza kufika asilimia 25. Hao ni wabebaji, si wagonjwa. Mgonjwa ni yule ambaye bakteria wamepenya kwake wakaingia kwenye damu, au wakafika kwenye utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Hapo homa inapanda ghafla, shingo inakakamaa, mwanga unaumiza macho, mtoto mchanga anakataa kunyonya, pengine madoa mekundu au ya zambarau yanatokea mwilini. Asipotibiwa, nusu ya wagonjwa hufa. Hata wanaofikishwa hospitali wapo wanaofariki ndani ya siku moja au mbili, na wapo wanaopona wakabaki viziwi.

Sasa, mtu akikuuliza habari ya chanjo ya ugonjwa kama huu, ndani ya swali lake yamo maswali mawili. La kwanza: inamkinga aliyechanjwa asiugue? La pili: inamzuia asiwabebe wale bakteria kooni na kuwagawia wengine? La kwanza linaweza kujibiwa ndiyo na la pili likajibiwa hapana. Binti aliniuliza la pili, mimi nikamjibu la kwanza.

Na jambo la kunitia aibu zaidi ni kwamba madaktari walijifunza tofauti hiyo, kwa sehemu, kutokana na safari yetu hii hii ya Hija.

Mwaka 1987 kulitokea mlipuko mkubwa miongoni mwa mahujaji, na baada yake Saudia ikaifanya chanjo kuwa sharti. Lakini meningokoki wana makundi, yanayotofautishwa kwa koti la sukari ambalo kila bakteria amelivaa. Makundi yanayojulikana ni 12, na sita kati yake, yaani A, B, C, W, X na Y, ndiyo yanayoleta karibu maradhi yote. Mlipuko wa 1987 ulikuwa wa kundi A, na chanjo waliyopewa wengi miaka iliyofuata ilikuwa ya A na C tu. Mwaka 2000 likaja kundi W, ambalo wakati ule liliandikwa W135. Watu zaidi ya 400 katika nchi 16 waliugua, mahujaji pamoja na waliokuwa karibu nao. Kule Uingereza wengi wa wagonjwa hawakukanyaga Makka mwaka ule. Ugonjwa uliwafuata nyumbani, ukaletwa na mzee aliyerudi salama salimini, ambaye yeye mwenyewe hakuumwa hata kichwa. Mwaka 2001 ukarudi tena. Tangu msimu wa 2002 Saudia inadai chanjo ya makundi manne: A, C, W na Y.

Mtu angedhani hapo habari imekwisha. Kundi lililopenya limeongezwa kwenye sindano, mlango umefungwa. Lakini watafiti wa Singapore walifanya jambo la busara mwaka 2001. Waliwapima mahujaji wao makoo kabla ya kuondoka na baada ya kurudi. Hawa walikuwa wamechanjwa chanjo ya makundi manne, kundi W likiwemo. Walipoondoka, kundi W lilikuwa karibu halipo kwao kabisa. Waliporudi, zaidi ya mmoja katika kila kumi alikuwa nalo kooni. Wakawapima na watu wa majumbani mwao, nako wakakuta limekwisha kuingia. Mahujaji wenyewe walikuwa wazima. Sindano ilifanya kazi yake ya kwanza. Kazi ya pili haikuifanya, kwa sababu chanjo ile haikuwa na uwezo huo.

Kwa nini? Hapa nawaomba wanafunzi wanaosoma sayansi wanivumilie, nitaeleza kama nilivyoelewa.

Chanjo ya zamani ilitengenezwa kwa sukari ya lile koti peke yake. Mwili ukiiona sukari unatengeneza kingamwili na kuzitia kwenye damu, na bakteria akithubutu kuingia kwenye damu anakutana nazo. Ndiyo maana anayechanjwa hivi kwa kawaida haugui. Lakini sukari tupu inazungumza na upande mmoja tu wa jeshi la mwili, zile chembe zinazotengeneza kingamwili. Haiwaamshi wasaidizi wao, ambao kazi yao ni kuifanya kinga iwe imara na kuiwekea kumbukumbu. Basi kinga inapanda, inakaa miaka michache, inashuka, na hakuna kinachobaki. Ni kama mwanafunzi anayenakili aya kutoka ubaoni: ubao ukifutwa, hana kitu. Mtoto wa chini ya miaka miwili ndiyo kabisa, mwili wake haujui kuishughulikia sukari tupu. Na kingamwili hizo hazifiki kooni kwa wingi wa kutosha kumzuia bakteria asiweke makazi. Damu ina walinzi, koo liko wazi. Tena imeonekana kwamba ukirudia rudia chanjo ya namna hii, mwili unaweza kuitikia kwa unyonge zaidi kuliko mara ya kwanza, jambo ambalo ndugu zetu wanaokwenda Umra kila baada ya miaka michache wanapaswa kulijua.

Chanjo ya kisasa inachukua sukari ile ile lakini imeunganishwa na kipande cha protini, mara nyingi ile inayotokana na sumu ya pepopunda au ya dondakoo iliyokwisha kuondolewa makali. Protini inawaamsha wasaidizi. Kinga inapanda juu zaidi, inadumu zaidi, watoto wadogo nao wanaipata, na kiasi cha kingamwili kinavuja hadi kwenye utando wa koo. Bakteria mgeni akija kutafuta pa kukaa, anakuta mlango una mlinzi.

Haya si maneno ya kwenye vitabu tu. Mwaka 1999 Uingereza ilianza kuwachanja watoto na vijana wake kwa chanjo ya kisasa ya kundi C. Wakawapima makoo maelfu ya vijana wa sekondari kabla ya chanjo na mwaka mmoja baadaye: waliobeba kundi C walikuwa wamepungua kwa asilimia 66. Na hapa ndipo penye uzito, ndugu msomaji. Miongoni mwa watoto ambao HAWAKUCHANJWA kabisa, ugonjwa nao ulipungua kwa kiasi cha theluthi mbili. Hawakupata sindano, walipata majirani waliopata sindano. Waingereza hao hao walijifunza jambo jingine pia. Watoto wachanga waliochanjwa miezi ya mwanzo walipoteza kinga haraka, ingawa miili yao ilikuwa na kumbukumbu. Meningokoki wanaweza kumwangusha mtu siku chache tu baada ya kuingia, na mwili unaotaka kukumbuka unahitaji siku kadhaa. Hifdhi ipo, lakini umeulizwa ghafla na muraja'a hukufanya. Ndipo mwaka 2006 wakaongeza dozi nyingine mtoto akifikia mwaka mmoja. Kwa sababu hiyo hiyo cheti cha chanjo ya kisasa nacho kina mwisho wake. Saudia inakitambua kwa miaka mitano, na cha ile ya sukari tupu kwa miaka mitatu.

Ushahidi ulionigusa zaidi unatoka kwa ndugu zetu wa Sahel. Kuanzia Senegal hadi Ethiopia kuna ukanda ambao kila kiangazi, upepo wa vumbi unapovuma, ulikuwa ukizika watu. Katika mlipuko wa 1996 na 1997 waliugua zaidi ya 250,000 na kufariki 25,000, wengi wao kwa kundi A. Chanjo ya sukari tupu ilikuwepo. Kwa miaka na miaka ilikuwa inapelekwa mlipuko ukishaanza, ikiokoa wale iliowawahi, na mwaka uliofuata moto unawaka mahali pengine kwa sababu bakteria wenyewe walibaki wakitembea kutoka koo hadi koo. Kisha ikatengenezwa India chanjo ya kisasa ya kundi A, MenAfriVac, kwa bei iliyokuwa chini ya nusu dola kwa dozi. Burkina Faso iliianza Desemba 2010 kwa kila mtu kuanzia mwaka mmoja hadi miaka 29. Chad ikafuata. Kwenye eneo moja la vijijini huko Chad waliwapima watu makoo: kabla ya chanjo, katika watu 4,278 walikuta 32 wanabeba kundi A. Miezi michache baada ya chanjo, katika watu 5,001 walimkuta mmoja. Mmoja tu! Ugonjwa wa uti wa mgongo katika maeneo yaliyochanjwa ulikuwa chini kwa asilimia 94 kuliko kule ambako chanjo ilikuwa haijafika. Leo watu zaidi ya milioni 300 katika ukanda ule wameipata, na tangu 2017 kundi A halijathibitishwa tena huko. Alhamdulillah. Wapo waliozaliwa Burkina Faso baada ya 2010 ambao kundi A watalijua kwa kusimuliwa na bibi zao.

Kundi W, C na X hayakuondoka, kwa sababu hayakuwemo kwenye sindano ile. Chanjo ya makundi matano, A, C, W, Y na X, iliidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, na Nigeria ikawa nchi ya kwanza kuitumia mwaka 2024. Na niseme haraka, kwa uadilifu, kwamba si kila chanjo mpya inafunga mlango wa koo. Ya kundi B imetengenezwa kwa namna nyingine kabisa, na huko Australia Kusini walipoijaribu kwa wanafunzi karibu 35,000 mwaka 2017 na 2018, iliwakinga wao lakini ubebaji haukupungua. Kwa hiyo mtu asikwambie "chanjo ni chanjo".

Nilipoyaeleza haya darasani, kijana mmoja akauliza kile ambacho najua baadhi yenu mnakiwaza: sasa kama alhaji anaweza kuchanjwa na bado akabeba, ya nini kujichosha? Nikamwambia aligeuze swali lake. Asiyechanjwa anaweza kubeba NA kuugua NA kufa. Kati ya Aprili na Mei 2024 Marekani, Ufaransa na Uingereza ziliripoti wagonjwa 12 waliohusishwa na safari ya Umra. Kumi walikuwa wasafiri wenyewe, wawili walikuwa watu wa karibu ambao hawakusafiri. Tisa kati yao habari zao za chanjo zilijulikana, na hata mmoja hakuwa amechanjwa. Sheria ya chanjo inawahusu wa Umra kama wa Hija, ila kwenye Umra ufuatiliaji umekuwa mlegevu, na sisi tukiona mlango wa ofisi uko wazi tunapita.

Hapa nitasema jambo ambalo litawaudhi wengine. Hapa kwetu kuna watu wanaonunua kadi ya chanjo bila kuchomwa sindano. Nimeiona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja niliyemheshimu, na bado namheshimu, aliletewa kadi yake nyumbani na mtu wa kati, imegongwa mhuri na kuandikwa tarehe, na mkono wake haujaguswa na sindano. Alikuwa na haraka, akaambiwa chanjo imekwisha, akalipa. Akaenda, akatufu, akalala Mina hema moja na watu wa kila bara, akarudi mzima. Tulikwenda kumpokea, watu kama sitini tukiwa tumebanana sebuleni. Wajukuu wakambusu mkono na shavu. Zamzam ikazungushwa kwa kikombe kimoja, mimi nikanywa, akanywa jirani yangu, akapewa mtoto. Hakuna aliyeugua. Mwenyezi Mungu alitusitiri. Lakini mzee yule alitoka nyumbani kwa wosia ulioandikwa vizuri na madeni yaliyolipwa hadi faranga ya mwisho, kisha akabeba karatasi ya uongo mfukoni mwa ihramu. Nilipomkumbusha baadaye kwa upole alinijibu, "Maalim, ile ni mambo ya serikali, ibada ni yangu na Mola wangu." Kwenye ibada sikumpinga. Ila koo lake lilikuwa na haki za watu wengine, na hizo haziishi kwa kugongwa mhuri.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba tukisikia tauni iko katika mji tusiingie, na ikiwa tumo ndani tusitoke kwa kuikimbia. Mimi nikiwafundisha watoto hadithi ile huona nusu yake ya pili ndiyo nzito. Anayezuiwa kutoka anajiona mzima. Anaambiwa abaki kwa ajili ya watu wa mji mwingine ambao hajawahi kuwaona. Sisi tunaambiwa kitu chepesi zaidi: sindano moja, siku kumi kabla ya kufika, ili kingamwili zipate muda wa kupanda. Anayechomwa leo na kupanda ndege kesho kutwa, kadi yake si ya uongo lakini mwili wake bado haujawa tayari.

Wengine watasema haya ni mambo ya Sahel na ya wenye uwezo wa kuhiji, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Mwaka 2002 ugonjwa huu ulishuka hadi kwetu Maziwa Makuu, vijijini na kwenye kambi za wakimbizi, wakaugua zaidi ya watu 2,200 na kufariki 200. Wenye umri kama wangu wanaukumbuka mwaka ule. Na jirani hapa Congo, Banalia, kule juu ya Kisangani, mlipuko wa kundi W ulipotangazwa Septemba 2021 walikuwa wamekwisha kuhesabiwa wagonjwa 261 na vifo 129. Zinalinganisheni namba hizo mbili. Wengi walikufa kabla hata jina la ugonjwa halijajulikana. Nasi tuna madrasa za bweni ambamo watoto wanalala bega kwa bega, na vijana ndio wenye kubeba bakteria hawa zaidi kuliko umri mwingine. Msimamizi wa bweni ambaye ana uwezo wa kuacha nafasi kati ya magodoro na kufungua madirisha usiku, afanye. Na akiona mtoto ana homa kali na shingo haipindi, asisubiri asubuhi, asianze na dawa za dukani. Mgonjwa akithibitishwa, madaktari huwapa waliolala naye antibayotiki ya kuwatoa bakteria kooni, kwa sababu chanjo haimfukuzi aliyekwisha hamia, kazi yake zaidi ni kumzuia anayekuja. Ndiyo maana Saudia kwa miaka mingi imekuwa ikiwapa mahujaji wanaotoka ukanda wa Sahel kidonge cha siprofloksasini wanapofika, ingawa wana kadi.

Kuhusu uhalali, kwa kuwa najua nitaulizwa: swali hilo ni la haki na halihitaji minong'ono. Maulamaa wa Indonesia walilishughulikia mwaka 2010 kwa njia ya kiungwana. Walichunguza chanjo tatu za safari ya Hija, moja wakaikataa kwa sababu utengenezaji wake uligusana na nguruwe, mbili wakazipitisha kuwa halali, mahujaji wao wakazitumia. Waliuliza kwa majina, wakajibiwa kwa majina. Hawakusema "tumesikia".

Na sisi tuulize hivyo hivyo. Unapokwenda kuchanjwa, muulize muuguzi: hii ni ya makundi manne au mawili? Ni ya sukari tupu au iliyounganishwa na protini? Mwambie aandike aina yake kwenye kadi. Kama iliyopo ni ya zamani tu, ichome, itakukinga wewe, na ukirudi fahamu kwamba koo lako linaweza kuwa na mgeni. Mtoto wa chini ya mwaka asipakatwe na kubusiwa na kila anayerudi, hata kama ni bibi yake na anamtamani vipi. Zamzam imiminwe kila mtu kikombe chake. Kukohoa, weka kiwiko. Ikiwa ndani ya nyumba kuna mtu aliyeondolewa bandama au mwenye kinga dhaifu, huyo naye aulizie chanjo yake mwenyewe kabla ya msafiri kuondoka.

Binti wa darasani alinisikiliza hadi mwisho siku niliyorudi kusahihisha, akaandika kwenye daftari lake, hakusema kitu. Juzi akaniletea kadi ya babu yake kwenye bahasha. Mzee anataka kwenda Umra na mkewe mwaka huu, na alikuwa anasema kadi anayo, hahitaji nyingine. Tuliifungua pamoja. Tarehe ni ya 2018. Aina ya chanjo haikuandikwa. Nikampigia mzee simu nikamweleza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama bibi naye achomwe siku hiyo hiyo au tofauti. Nimewaambia waende wote wawili Jumatatu asubuhi, na binti awasindikize, kwa kuwa maswali ya kumuuliza muuguzi anayo kwenye daftari.

Wabillahi tawfiq.